Majina ya asili ya mahali katika lugha ziandikwazo kwa Kikirili: tatizo la kuyatia katika herufi za Kilatini

1. Utangulizi

Mto Volga, wenye urefu wa kilomita zipatazo 3,500, huandikwa kwa jina hilo moja katika ramani karibu zote za dunia. Lakini Watatari waishio kandokando yake huuita İdel, Wachuvashi huuita Atăl, Wamari huuita Yul, na Waerzya, ambao ni tawi la Wamordvini, huuita Rav. Majina hayo si tafsiri ya neno Volga, wala si matamshi yaliyoharibika ya neno hilo. Ni majina kamili, kila moja likiwa na historia yake katika kinywa cha watu wake. Hata hivyo msomaji wa Lubumbashi, wa Dar es Salaam au wa Paris huyakuta kwa nadra sana. Sababu ya kwanza ni kwamba lugha zenyewe huandikwa kwa herufi za Kikirili, yaani zile zitumiwazo na Kirusi, na msomaji huyo hana budi kugeuziwa herufi hizo. Sababu ya pili ni nzito zaidi: wale wanaomgeuzia huanza, kwa kawaida, na jina la Kirusi badala ya jina la wenyeji.

Makala haya yanakusudia kueleza namna majina ya mahali ya lugha za wachache nchini Urusi, pamoja na Krimu, yanavyofika katika maandishi ya Kilatini, na yale yanayopotea njiani. Suala hili mara nyingi huelezwa kana kwamba ni la ufundi tu: herufi hii iwekwe badala ya ile, basi. Itaonyeshwa hapa kwamba kuna swali lililotangulia. Kabla ya kuuliza ni herufi gani ya Kilatini isimame mahali pa herufi gani ya Kikirili, ni lazima kuuliza jina linaloandikwa ni la lugha ipi.

Neno "wachache" nalo linahitaji kuangaliwa. Katika sensa ya Urusi ya mwaka 2010 Watatari walihesabiwa kuwa zaidi ya milioni 5, na Wabashkiri, Wachuvashi na Wacheni, kila kabila peke yake, walizidi milioni moja. Watu hao ni wachache wakilinganishwa na Warusi, lakini hawawi wachache nyumbani kwao kwa sababu hiyo tu. Ndiyo maana suala la majina yao si suala dogo.

2. Istilahi za msingi

Wataalamu wa majina ya mahali hutofautisha jina la ndani na jina la nje. Jina la ndani ni lile litumiwalo na wakazi wa mahali penyewe katika lugha yao. Jina la nje ni lile litumiwalo na watu wa lugha nyingine. Al-Qahira ni jina la ndani. Kairo ni jina la nje. Kiswahili nacho kina majina yake ya nje, kama vile Uingereza, Ugiriki na Uchina, na hakuna ubaya katika hilo, kwani kila lugha ina haki ya kuwataja wageni kwa ulimi wake. Tatizo huanza pale ambapo jina la nje la lugha yenye nguvu huchukuliwa na walimwengu kuwa ndilo jina pekee.

Inafaa pia kutenganisha kazi mbili ambazo aghalabu huchanganywa. Kazi ya kwanza ni uhamishaji wa herufi, ambapo kila herufi ya hati moja huwekewa alama yake katika hati nyingine, hata ikiwa matamshi hayaonekani vizuri. Faida yake ni kwamba mtu aweza kurudi nyuma na kuipata tahajia ya asili bila kukosea. Kazi ya pili ni unukuzi wa matamshi, ambapo linalotafutwa ni sauti, hata kama tahajia ya asili itapotea. Maktaba huihitaji zaidi kazi ya kwanza. Mtangazaji wa redio na mwalimu wa jiografia huihitaji zaidi ya pili.

Mfano wa karibu utasaidia. Jina Kolwezi likiandikwa kwa Kirusi huwa Колвези, maana Kirusi hakina herufi ya w. Likirudishwa kwa Kilatini herufi kwa herufi huwa Kolvezi. Kwa njia hiyohiyo Mwanza huwa Mvanza. Mkazi wa Kolwezi akilikuta jina la mji wake limeandikwa hivyo, huenda akalitambua, lakini atajua papo hapo kwamba limepita mikononi mwa mtu mwingine kabla ya kumfikia. Hali hiyo, ambayo kwake ni ya kubuni, ndiyo hali ya kila siku ya majina ya Wachuvashi, Wabashkiri na Wasakha.

3. Hati tatu katika kizazi kimoja

Ingekuwa kosa kudhani kwamba lugha hizi ni ngeni kwa herufi za Kilatini. Kabla ya Mapinduzi ya mwaka 1917 Watatari, Wabashkiri na Watatari wa Krimu waliandika kwa herufi za Kiarabu, kama walivyofanya Waswahili wa pwani. Wakalmiki walikuwa na hati yao wenyewe, iliyotungwa mwaka 1648 na mtawa Zaya Pandita. Wachuvashi walikuwa wamepata alfabeti ya Kikirili katika miaka ya 1870 kwa juhudi za mwalimu Ivan Yakovlev. Kwa Wasakha, msomi Semyon Novgorodov alitunga mwaka 1917 alfabeti iliyotegemea alama za kifonetiki za kimataifa, nayo ikatumika shuleni hadi mwishoni mwa miaka ya 1920.

Mwaka 1926 mkutano wa wataalamu wa lugha za Kituruki uliofanyika mjini Baku uliunga mkono matumizi ya herufi za Kilatini. Viongozi wa Umoja wa Kisovieti waliipenda hoja hiyo kwa sababu mbili: herufi za Kiarabu ziliwaunganisha watu na viongozi wa dini, na herufi za Kikirili zilikumbusha enzi ya wafalme wa Urusi waliotaka kuwafanya watu wote kuwa Warusi. Katika miaka michache lugha nyingi, kuanzia Kaukazi hadi Siberia, zilipewa alfabeti za Kilatini. Ni miaka hiyohiyo ambapo barani Afrika nako wataalamu walikuwa wakipendekeza alfabeti ya pamoja ya lugha za Kiafrika, ile iliyotolewa na taasisi ya kimataifa ya London mwaka 1928. Herufi ŋ, kwa mfano, ilikuwa na ndugu zake katika pande zote mbili.

Katikati ya miaka ya 1930 siasa iligeuka. Mwaka 1938 Kirusi kilifanywa somo la lazima katika shule zote za makabila, na kati ya miaka hiyo na mwaka 1940 karibu alfabeti zote za Kilatini zilibadilishwa kuwa za Kikirili. Kitatari kilitumia Kilatini kuanzia mwaka 1927 hadi 1939 tu. Kwa hiyo mtoto wa Kazan aliyeanza shule mwaka 1925 aliweza kuliandika jina la mji wake kwa hati tatu kabla ya kuoa: kwanza kwa Kiarabu, kisha Qazan kwa Kilatini, kisha Казан kwa Kikirili. Mzee aliyeandika kwa hati ya kwanza tu hakuweza tena kusoma barua ya mjukuu wake.

Jambo hili lina uzito katika mjadala wetu. Anayeliandika leo jina la Kitatari kwa herufi za Kilatini kwa kulitoa katika Kirusi hajazi nafasi iliyokuwa tupu. Anaandika juu ya maandishi ambayo wenyewe walikwisha kuyaandika.

4. Uhusiano wa jina la Kirusi na jina la wenyeji

Uhusiano kati ya majina hayo mawili si wa aina moja. Yafuatayo ni makundi manne yaonekanayo wazi.

Kundi la kwanza ni la majina yasiyohusiana kabisa. Mji mkuu wa Wacheni huitwa kwa Kirusi Grozny. Jina hilo lilitokana na ngome iliyojengwa mwaka 1818 na jenerali Yermolov, nalo lina maana ya "ya kutisha". Kwa Kicheni mji huo ni Соьлжа-ГӀала, yaani mji ulio kando ya mto Sunzha. Upande mmoja jina latisha. Upande wa pili laeleza tu mahali mji ulipo. Vivyo hivyo Vladikavkaz, ngome ya mwaka 1784, lina maana ya kuitawala Kaukazi, ilhali Waoseti huuita mji huo Дзӕуджыхъӕу, yaani kijiji cha Dzæwg. Mtu anayesoma ramani ya Kirusi peke yake huisoma historia kutoka upande wa mwenye ngome.

Kundi la pili ni la majina ya wenyeji yaliyovikwa vazi la Kirusi. Mji wa mafuta wa Tatarstan uitwao Älmät umeongezewa kiambishi tamati cha Kirusi ukawa Almetyevsk.  Sterlitamak, mji wa Bashkortostan, ni Стәрлетамаҡ kwa Kibashkiri. Sehemu yake ya mwisho, tamaq, ni neno la kawaida lenye maana ya koo, na kwa mto ni pale unapomwagika. Mbashkiri huisikia maana hiyo kila anapolitamka jina. Msomaji wa umbo la Kirusi hasikii kitu.

Kundi la tatu ni la majina ya wenyeji yaliyokubaliwa na dola. Mji mkuu wa Wakomi uliitwa Ust-Sysolsk, yaani mahali mto Sysola unapomwagika, hadi mwaka 1930 ulipopewa jina la Kikomi Syktyvkar: Syktyv ni jina la Kikomi la mto huohuo, na kar ni mji. Lakini hata kukubaliwa kuna masharti yake. Kati ya mwaka 1944 na 1954 Vladikavkaz uliitwa rasmi Dzaudzhikau. Hilo ni jina la Kioseti, ila ni la Kioseti lililopita katika Kirusi: herufi ӕ, ambayo hata kwa sura yake ni ya Kilatini, imegeuzwa kuwa a, na sauti ya q, iandikwayo хъ, imegeuzwa kuwa k. Jina la ndani liliingia katika ramani, lakini liliingia kwa matamshi ya nje.

Kundi la nne huwasahaulisha wengi kwa kuwa linakwenda kinyume cha matarajio. Wasakha huuita mji wao mkuu Дьокуускай, na jina hilo si la kale kuliko la Kirusi. Ni jina la Kirusi Yakutsk lililoingizwa katika Kisakha na kufuata sauti za Kisakha. Je, ni jina la asili? Ndiyo, ikiwa asili ina maana ya jina ambalo wenyeji hulitumia katika lugha yao. Hapana, ikiwa asili ina maana ya jina la kwanza. Kutokana na mfano huu inaonekana kwamba hoja ya majina ya ndani haitegemei nani alitangulia kufika. Inategemea nani anaitumia lugha hiyo leo.

Wazaire wa zamani wana sababu ya pekee ya kulielewa jambo hili. Jina Zaire, lililopewa nchi na mto mwaka 1971 kama jina la kurudia uasilia na kutumika hadi mwaka 1997, lilikuwa neno la Kikongo lenye maana ya mto, nzadi, kama lilivyosikika na kuandikwa na Wareno. Lililorudishwa kwa heshima lilikuwa tayari limepita kinywani mwa mpatanishi.

5. Herufi moja, sauti mbalimbali

Kirusi kina herufi 33. Lugha nyingine zilipopewa Kikirili ziliongezewa herufi kwa ajili ya sauti ambazo Kirusi hakina: Kitatari kiliongezewa 6 na kufikia 39, Kichuvashi kina 37, Kisakha 40, Kibashkiri 42. Matatizo ya uhamishaji huanzia katika herufi hizo za ziada, na pia katika zile za kawaida zilizopewa kazi mpya.

Tatizo la kwanza ni kwamba herufi moja yaweza kuwakilisha sauti tofauti katika lugha mbili. Herufi ҫ ipo katika Kichuvashi na katika Kibashkiri. Kwa Wachuvashi ni sauti laini iliyo karibu na sh ya Kiswahili. Kwa Wabashkiri ni th, kama ile ya neno thelathini. Kiwango cha kimataifa kiitwacho ISO 9, katika toleo la mwaka 1995, hutoa alama moja ya Kilatini kwa kila herufi ya Kikirili bila kujali lugha. Kwa mkutubi huo ni msaada mkubwa, kwani tahajia ya asili haipotei. Kwa msomaji anayetaka kulitamka jina, hausaidii: alama moja itamfanya atamke Kichuvashi na Kibashkiri sawasawa, na mahali pamoja angalau atakuwa amekosea.

Tatizo la pili ni kwamba sauti moja huandikwa kwa herufi mbili, au herufi ya Kirusi hupewa kazi isiyo yake. Katika Kisakha дь ni sauti moja, iliyo karibu sana na j ya Kiswahili. Нь ni ny. Ҥ ni ng'. Lakini anayetumia jedwali la Kirusi huiona дь kama d iliyofuatwa na alama ya ulaini, naye huandika D'okuuskay. Mto ambao Warusi huuita Yana ni Дьааҥы kwa Kisakha. Mswahili aliyeelezwa mambo haya matatu angeweza kukaribia matamshi yake kwa urahisi kuliko Mfaransa, kwa sababu sauti mbili za konsonanti zilizomo, j na ng', anazo tangu utotoni. Vivyo hivyo kwa Kibashkiri: mto uitwao kwa Kirusi Belaya, yaani "mweupe", ni Ағиҙел, jina ambalo nalo lina maana ya mto mweupe. Herufi ғ ni gh ya neno ghala, na ҙ ni dh ya neno dhahabu. Kirusi, kwa kukosa sauti hizo, huandika Агидель, na ramani za Kilatini hufuata: Agidel. Sauti mbili ambazo Mbashkiri anazo, na Mswahili anazo, zimepotea kati yao kwa sababu ya mtu wa katikati ambaye hana.

Tatizo la tatu ni la vyombo vya kuandikia. Lugha nyingi za Kaukazi hutumia alama Ӏ, iitwayo kwa Kirusi palochka, yaani kijiti. Mashine za kupiga chapa za Kirusi hazikuwa nayo, hivyo wapigaji chapa walizoea kuweka tarakimu 1 au herufi kubwa I ya Kilatini. Kompyuta zilirithi mazoea hayo. Umbo dogo la alama hiyo liliingizwa katika mfumo wa kimataifa wa herufi, Unicode, mwaka 2006 tu. Matokeo yake ni kwamba jina Соьлжа-ГӀала laweza kukutwa limeandikwa kwa njia tatu zinazofanana machoni, na kompyuta ikayahesabu kuwa majina matatu. Anayetafuta moja hayapati mengine.

Tatizo la nne ni la Kitatari hasa. Alfabeti ya Kikirili ya Kitatari ina herufi moja, к, kwa sauti mbili, k na q. Msomaji Mtatari hujua ipi ni ipi kwa kuangalia irabu zinazoandamana nayo. Jedwali la herufi kwa herufi halijui. Hutoa Kazan, na umbo hilo haliwezi kutofautishwa na la Kirusi. Anayetaka Qazan hana budi kuijua lugha yenyewe.

6. Krimu: majina yaliyofutwa

Mahali ambapo suala hili liliuma kuliko kwingine ni Krimu. Mnamo Mei 1944 Watatari wa Krimu, zaidi ya watu 180,000, waliondolewa kwa nguvu katika siku chache na kupelekwa Asia ya Kati na sehemu nyingine za mbali. Baada ya watu, yaliondolewa majina. Kati ya mwaka 1944 na 1948 mamia ya vijiji na miji vilipewa majina mapya ya Kirusi. Qarasuvbazar, yaani soko la Maji Meusi, ukawa Belogorsk, mji wa mlima mweupe. Wakalmiki, waliohamishwa Desemba 1943, nao walipoteza jina la mji wao: Elista, kwa Kikalmiki Элст, yaani penye mchanga, uliitwa Stepnoy hadi mwaka 1957. Wakalmiki waliporudi, jina lilirudi. Watatari wa Krimu hawakuruhusiwa kurudi kwa wingi hadi mwishoni mwa miaka ya 1980, na majina mengi hayakurudi.

Mji mkuu wa Krimu, Simferopol, ulianzishwa kwa jina hilo mwaka 1784 mahali ambapo Watatari walipaita Aqmescit. Msomaji wa Kiswahili atalitambua neno hilo kwa haraka: aq ni nyeupe, na mescit ni ndugu wa msikiti, yote mawili yakitokana na Kiarabu masjid. Katika Kikirili cha Kitatari cha Krimu jina hilo huandikwa Акъмесджит. Likitiwa katika jedwali la Kirusi huwa Akmesdzhit, na hapo msikiti hauonekani tena. Likiandikwa kwa alfabeti ya Kilatini ya Watatari wenyewe, ambapo q ni sauti ya nyuma ya koo na c ni sauti ya j, huwa Aqmescit, na mtu yeyote ajuaye Kituruki au Kiarabu huona mara moja linasema nini.

Mwaka 2014 Urusi iliiteka Krimu. Mwaka 2016 bunge la Ukraini lilipitisha uamuzi wa kurudisha majina ya kale ya sehemu nyingi za rasi hiyo, uamuzi ambao utekelezaji wake umefungamanishwa na kurejea kwa rasi hiyo mikononi mwa Ukraini. Mwaka 2021 serikali ya Ukraini iliidhinisha alfabeti ya Kilatini ya Kitatari cha Krimu. Kwa hiyo mahali pamoja pana jina lililo katika sheria na jina lililo katika kibao cha barabara, na hayo mawili si jina moja.

7. Nani mwenye kuamua?

Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano wake wa kwanza wa kusanifisha majina ya kijiografia mjini Geneva mwaka 1967. Kanuni iliyokubalika ni kwamba kila nchi ipendekeze yenyewe namna majina yake yaandikwe kwa Kilatini, na nchi nyingine zifuate. Kanuni hiyo ni ya haki, kwani inamzuia mgeni kumwandikia mwenyeji jina lake apendavyo. Lakini mwenyeji anayetambuliwa katika kanuni hiyo ni dola. Mfumo uliopendekezwa na Umoja wa Kisovieti na kukubaliwa mwaka 1987 ulihusu Kirusi. Mchuvashi hana kiti katika mkutano huo. Husemewa na dola yake, na dola husema kwa Kirusi. Taasisi za majina za Marekani na Uingereza, zilizokuwa na mfumo wa pamoja wa Kirusi tangu mwaka 1947, zilikuja baadaye kutunga majedwali ya lugha nyingine za Urusi, yakiwemo ya Kitatari, Kibashkiri na Kicheni. Majedwali hayo yapo. Watengenezaji wa ramani za kawaida na waandishi wa habari ndio wasioyafungua.

Ndani ya Urusi kwenyewe njia ya mkato, yaani kuirudisha alfabeti ya Kilatini, ilijaribiwa na kufungwa. Mwaka 1999 bunge la Tatarstan lilipitisha sheria ya kukirudishia Kitatari herufi za Kilatini. Mwaka 2002 sheria ya shirikisho iliamuru kwamba lugha rasmi za jamhuri zote ziandikwe kwa Kikirili, na mwaka 2004 Mahakama ya Katiba iliithibitisha. Hivyo basi, Mtatari ambaye angependa ulimwengu usome Qazan hawezi kuanza na kibao rasmi cha mji wake. Anawategemea watu wa nje wanaoandika vitabu, ramani na kamusi. Jukumu linalodhaniwa kuwa la Moscow limegawanyika, na sehemu yake imeangukia kwa kila mwandishi.

8. Mwandishi wa Kiswahili afanye nini?

Mwandishi wa Kiswahili ana mpatanishi mmoja zaidi. Yule wa Kongo, aliyesoma jiografia kwa Kifaransa, huandika Oufa, Iakoutsk na Tcheboksary. Mwenzake wa Tanzania au Kenya, aliyesoma kwa Kiingereza, huandika Ufa, Yakutsk na Cheboksary. Wote wawili wanaandika lugha moja, na mwanafunzi anayesoma vitabu vyao aweza kudhani kwamba ni miji sita. Hali hii si ngeni kwetu: ziwa moja lililo mpakani mwa Katanga na Zambia huandikwa Moero upande mmoja na Mweru upande wa pili. Na kwa wenyeji wa miji ile mitatu, hakuna hata mmoja kati ya waandishi hao aliyeandika jina lao, yaani Öfö, Jokuuskay na Shupashkar.

Kutokana na hayo, kanuni nne zaweza kupendekezwa. Kwanza, jina litafutwe katika lugha ya wenyeji kabla ya kutafutwa katika Kirusi. Pili, kila lugha itumiwe jedwali lake, kwa kuwa hakuna jedwali moja la Kikirili liwezalo kuzitosha lugha zote. Tatu, jina linapotajwa mara ya kwanza yaandikwe majina yote mawili, kwa mfano "Ufa, kwa Kibashkiri Öfö". Msomaji asipoteze mji anaoujua kwa ajili ya kupata jina asilolijua. Nne, matamshi yaelezwe kwa sauti za Kiswahili pale inapowezekana, lakini kwa maelezo ya kando, si katika tahajia yenyewe. Mwandishi anayeandika "Aghidhel" ndani ya sentensi, bila kutaja Ағиҙел au Ağiðel, amewaondoa wapatanishi wawili kisha akaketi katika kiti chao.

Kanuni ya tatu yaweza kupingwa kwamba inarefusha maandishi. Ni kweli. Lakini urefu huo ni wa maneno mawili au matatu, nao hulipwa na mwanafunzi mara moja tu katika kitabu kizima.

9. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba kuyatia majina ya mahali ya lugha za wachache katika herufi za Kilatini kuna hatua mbili, na kwamba kosa kubwa hufanyika katika hatua ya kwanza, kabla herufi yoyote haijaguswa. Jedwali zuri likitumiwa juu ya jina la Kirusi litatoa jina zuri la Kirusi, wala halitatoa Соьлжа-ГӀала kutoka Grozny, au Aqmescit kutoka Simferopol. Hatua ya pili ina matatizo yake ya kweli: herufi ҫ yenye sauti mbili, kijiti kilichogeuka tarakimu, q iliyofichika ndani ya k. Matatizo hayo yana dawa, na dawa hiyo ni kuijua lugha.

Idara za Kiswahili hazina uwezo wa kubadili ramani za dunia. Zinao uwezo juu ya kamusi zake, juu ya vitabu vya jiografia vinavyotafsiriwa kwa Kiswahili, na juu ya tasnifu za wanafunzi wake. Ikiwa katika kazi hizo mto mmoja utaandikwa "Volga, kwa Kitatari İdel, kwa Kichuvashi Atăl", msomaji atajua jambo ambalo ramani yake ya shule haikumwambia: kwamba kando ya mto huo wapo watu, nao wana jina la kuuita.